Bahati, kinyozi wa Point aliyekuwa watu wawili Jumapili moja

Jamani, hii habari imegoma kuingia kichwani. Bahati hayupo! Alhamisi, katikati ya rehearsal, aliomba dakika moja akae anywe maji. Hakuinuka tena. Moyo, ndivyo walivyosema madaktari.

Wengi mnanifuata hapa kwa ajili ya misuko na rasta, hamkumjua. Ngoja niwaambie.

Mimi Mtanzania, yeye Mkongo wa Bukavu. Miaka kumi na moja tulifanya kazi saluni moja hapa Point, Durban. Mimi nasuka, yeye ananyoa, viti vyetu vimepakana. Na huyo kinyozi ndiye aliyekuja kuwa mwimbaji wa opera. Opera yenyewe, ile ya theatre, hadithi nzima inaimbwa, orchestra iko chini, maikrofoni hakuna.

Mwanzoni alikuwa anaimba solo kwenye kwaya ya kanisa lao. Akipanda na zile noti zake za tenor, sauti ya juu ya kiume, kina mama vigelegele.

Siku moja nilikuwa namsuka Mama Nokuthula, Mzulu, mwalimu wa kuimba aliyestaafu, anakaa Westville. Bahati anafagia huku anaimba. Mama akanishika mkono niache kusuka.

"Huyu anafundishwa na nani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Inasikika." Akamgeukia mwenyewe. "Wewe si tenor. Wewe ni baritone, sauti yako inakaa katikati. Huko juu unajiumiza."

Bahati alinuna wiki nzima. "Dada Mwana, ule mama iko ananionea wivu."

Ikaja Pasaka. Mbele ya kanisa zima, noti ya juu ikatoka kama bawaba yenye kutu. Iliyofuata haikutoka kabisa. Akakaa chini, kwaya ikamalizia bila yeye.

Kesho yake alipanda taxi mbili mpaka Westville kwa Mama Nokuthula.

Mama akampa sharti: wiki sita asiimbe, asiongee, asinong'one hata. Na akatimiza! Akawa anawaandikia wateja kwenye kidaftari: "Fade ao kipara?" Kuna wateja walidhani ni bubu, wakaanza kuongea naye kwa mikono.

Baada ya hapo, mwaka mzima hakuna wimbo, mazoezi tu. Akinyoa, anavuma pamoja na mashine, mmmmm, noti ileile. Siku moja alizima mashine, mlio ukaendelea. Mteja aliruka kitini! Eish, tulicheka mpaka tukashika ukuta.

Kiitaliano alikipenda. "Dada, hii iko raisi. Inasomwa kama Kiswahili, a ni a, e ni e." Mama alimwambia wanafunzi wengine wanahangaika miaka kusafisha irabu, zake zilitoka kwao zikiwa safi. Siku hiyo alitembea saluni kama bwana harusi. Kijerumani kilimtoa jasho, lakini nacho alikishika.

Audition ya kwanza walimkataa. Ya pili wakamweka kwenye kundi la waimbaji wa nyuma. Miaka minne: leo askari, kesho mkulima, kesho kutwa mlevi wa baa. Jumamosi yuko saluni ananyoa. Ila kila opera alikariri sehemu za baritone zote, si yake tu.

"Za nini zote hizo?" nikamuuliza.

"Kama mutu anagonjwa, je?"

Na mtu akaugua. Zilikuwa opera mbili fupi, mchana mmoja. Ya kwanza alishapewa nafasi, ya kuchekesha. Ya pili, aliyekuwa aigize baba alipoteza sauti Ijumaa. Director akapiga simu Bahati akiwa na kichwa cha mteja mkononi: utaweza zote mbili?

"Nitaweza," akasema. Alipokata simu akanipa mashine, nikamaliza mimi kile kichwa.

Akampigia Mama Nokuthula, kwenye spika. Mama akasema, "Ukitoa sauti yote mwanzoni, ya pili itakuvunja. Chekesha kwa mwili. Sauti itunze."

Jumapili ile nilikuwepo. Kwanza alitokea kama tajiri mwenye kitambi kikubwa, anajificha kabatini, anaimba Kiitaliano huku mlango umembana tai. Theatre nzima ilikufa kwa kicheko.

Halafu ya pili, kwa Kizulu. Baba amesimama nje ya mgodi, anasubiri majina ya waliokufa yasomwe. Mwanawe yumo ndani. Alianza chini sana, taratibu, na jina la mwanawe liliposomwa sauti ikafunguka ikajaa mpaka kwenye dari. Kizulu changu ni cha sokoni Warwick, lakini hakuna kilichonipita.

Wakati wa makofi, mama mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Yule mchekeshaji mbona hajatoka kusalimia?"

"Mama, ndiye huyu."

Akamwangalia Bahati. Akaniangalia mimi. "Hayi bo!" Akaziba mdomo, machozi yanamtoka.

Toka hapo milango ikafunguka. Cape Town, Johannesburg. Mfalme, padri, muuaji, mpumbavu. Misa za wafu, harusi zetu za Kiswahili pia. Kila nilipoenda nilimtafuta jukwaani jirani yangu wa saluni, nisimwone. Alikuwa mtu mwingine kabisa, kuanzia mabega.

Jumamosi tunamzika. Mama Nokuthula ameomba asimame aongee. Waimbaji wenzake wamesema wanakuja wote.

Bahati, siku ile nje ya theatre uliniuliza, "Dada, uliona je?" Nikakujibu, "Uliimba vizuri." Basi! Kama mtu anayesifia ugali.

Ukweli ni kwamba nilikuogopa, mdogo wangu. Miaka yote hiyo ulikuwa hatua moja kutoka kwangu na sikujua nimesimama karibu na nini. Nikaona aibu kusema. Leo nasema, watu wote wasikie.

Lala kwa amani, Bahati. Lala, umeimba.