Fundi Aliyeombewa Bila Kuulizwa

Lugha ya waumini ina sentensi moja ya kuogopwa: "Nasema haya ili tumwombee." Fundi cherehani wa mtaa ulio nyuma ya tangi la maji aliijua vizuri, maana hata yeye aliwahi kuitumia juu ya wenzake. Safari hii ilimwangukia yeye.

Kazi yake ilikuwa magauni meupe ya watoto wachanga wanaobatizwa. Mishono ya ndani aliifunika kwa kitambaa laini isimkwaruze mtoto shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa amezika wawili, wa kwanza wa siku tisa, wa pili wa miezi minne. Daktari alitaja tundu kwenye moyo, akasema hutokea.

Siku tano baada ya mtoto wa pili kufariki, akiwa jikoni na rafiki yake wa tangu shuleni, mwalimu wa chekechea, alitoa neno ambalo hata mumewe hakulisikia: "Nimemwambia Mungu aniache. Asinijue, nami nisimjue." Mwalimu alilia naye, akaosha vyombo vyote vilivyokuwa kwenye karai, akaenda zake.

Kikundi cha maombi cha akina mama kilikuwa na daftari. Mwenye ombi huliandika humo, na Jumatano husomwa kwa sauti. Fundi alikosa Jumatano mbili. Wiki ya tatu binti wa mzee wa kanisa akaja kuchukua kitambaa cha gauni walichomletea, kikiwa bado hakijakatwa.

"Mama anasema tumepata gauni la dukani."

"La dukani litamwasha mtoto."

"Nimetumwa tu, dada."

Wakafuata wengine wawili. Mwishowe wifi yake, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli, akamweleza. "Wanasema mikono yako ina kitu. Eti ulimkana Mungu, ndiyo maana watoto hawakai. Imeandikwa daftarini."

"Nani kaandika?"

"Kwani wewe ulimwambia nani, wifi?"

Jumatano alifika kabla ya wote, akafungua daftari. Aliufahamu mwandiko kabla ya kuyaelewa maneno: herufi kubwa za duara, za mtu anayefundisha watoto kusoma. "Tumwombee dada yetu fundi. Alimkana Mungu, na amepoteza watoto wawili."

Wenzake walipoketi, aliwasomea mstari huo, kisha akasema, "Mmeusoma kinyumenyume. Mwanangu alikufa Jumanne. Mimi nilisema Jumapili iliyofuata. Nyinyi mmekitanguliza kilio, kipigo mkakiweka nyuma."

Mwenyekiti alikohoa. "Mungu haonei mtu, dada."

"Sijasema ananionea. Nasema hamkuwepo alipoamua. Hata mimi sikuwepo."

Mama mmoja aliangalia viatu vyake. Mwingine akapendekeza wimbo.

Fundi alipotoka, mwalimu alimfuata hadi getini. "Niliandika kwa upendo. Niliogopa utapotea."

"Nimekuelewa. Basi rudi uwaambie kipi kilitangulia."

"Sasa hivi? Mbele ya wote? Watanionaje?"

"Kama wanavyoniona mimi."

Mwalimu alirekebisha kitambaa chake cha kichwani, akarudi ndani. Fundi alingoja chini ya dirisha lililo wazi. Alisikia viti vikisogezwa, kisha sauti ya rafiki yake, sauti aliyoijua kuliko zote, ikianzisha ubeti wa pili wa wimbo ule.

Hakurudi tena kikundini. Jumapili huenda kanisani, hukaa na wifi yake, na mwalimu anapompa mkono huupokea, huuachia upesi. Siku hizi anashona sare za shule na kufupisha suruali ndefu. Anapoingiza uzi kwenye sindano husali kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili.

"Bado sikuelewi," humwambia Mungu. "Wala sijaacha kukuuliza. Lakini yote niliyokwambia, hujayapeleka kwa mtu."