Peremende Niliyoinywesha Maji

Mimi sikumaliza darasa la nne, lakini muulize yeyote soko la mifugo Garissa: nani anajua kunenepesha? Nilianza na mbuzi mmoja kilema kutoka Balambala. Leo nina duka lenye friji mbili, na hizo friji ndizo zilizoniingiza kwenye sayansi.

Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa na shindano shuleni, na mshindi angepelekwa Nairobi. Aliitaka hiyo Nairobi mpaka chakula kikamshinda. Kazi yake ilikuwa peremende za jeli, zile zinazovutika kama mpira, zenye umbo la dubu. Alitia moja kwenye maji matupu, moja kwenye maziwa ya ngamia, moja kwenye maji ya chumvi kali. Akaziweka kwenye friji yangu, maana joto letu lingezigeuza mchuzi.

"Aabo, jeli hii imechemshwa kutoka ngozi ya ng'ombe," akaniambia.

Ngozi ya ng'ombe! Kumbe ni mifugo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwenye kazi yake yupo.

Baada ya sala ya alfajiri nikafungua friji. Kidubu cha maji kilikuwa kimevimba kama ndama aliyeshiba. Cha maziwa nacho kilikuwa na mwili. Lakini kidubu cha chumvi, masikini, kimekonda! Nikaona haya. Sisi mnyama wa kuuzwa tunamlambisha chumvi apate kiu, kisha tunamnywesha mpaka tumbo liwe ngoma. Mtoto alikuwa amelambisha, akasahau kunywesha. Nikamwaga ile chumvi, nikatia maji safi, nikafunika glasi kwa kitambaa. Binti akaibeba shuleni hivyohivyo, bila kufunua.

Alasiri nilikwenda shuleni na rafiki yangu dalali, aone ushindi. Binti akasimama mbele ya walimu waamuzi.

"Jeli ni kama wavu, na ndani yake mna sukari nyingi. Maji huifuata sukari, wavu ukatanuka. Lakini chumvi ikiwa nje, huyazuia maji. Ndiyo maana hiki kimebaki kidogo."

Akafunua. Kidubu kilikuwa kama ngumi ya mtoto.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Dalali akanirushia shali mkononi, akaanza kunibonya vidole chini yake, kama tunavyopatana bei sokoni. "Wallahi, huyu hata soko la Liboi ananunuliwa leo!"

"Aabo, umefanya nini?"

"Nimekinywesha."

"Mzee, umeharibu jaribio," mwamuzi akasema.

"Mwalimu, hata wewe ukila chumvi utatafuta maji."

Binti machozi yalimlengalenga, lakini damu yangu ile hailii sokoni. Akaomba chumvi jikoni, akaimimina kwenye glasi. "Kama nimesema kweli, kitapungua. Nendeni kwa wengine, kisha mmalizie na mimi."

Tukangoja. Mimi sijawahi kumwombea mnyama wangu akonde. Siku hiyo niliomba kwa dua zote ninazozijua.

Waliporudi, kidubu kilikuwa kimenywea, uso umekunjamana kama ngamia wa kiangazi. Mwamuzi akakipima, akatikisa kichwa, akacheka. Binti yangu ndiye anayekwenda Nairobi.

Jana aliniomba sanduku la barafu la kubebea glasi zake.

"Na mimi je?"

"Wewe baki na mbuzi, Aabo."

Sawa. Lakini soko zima nimeliambia: nisingekinywesha mimi, kingekondea wapi?