Siku Tuliyopika Mbegu

Mama mkwe wangu hana cheo chochote pale zahanati. Aliajiriwa kufagia, na mpaka leo anafagia. Lakini ukiuliza njiani zahanati iko wapi, mtu atakujibu, "Kwa Bi Kikombe? Nyoosha na barabara hii hii." Jina hilo alipewa na watoto. Mtoto akipimwa mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, utepe ukaishia kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo, akitoka mlangoni alikuta kikombe cha uji kinamsubiri, na nyuma ya kikombe amechuchumaa yeye, mwanamke mfupi, macho mekundu kwa moshi, anamwita mtoto "mume wangu" kama ni wa kiume na "mke mwenzangu" kama ni wa kike.

Mwenyewe husimulia jinsi alivyoanza huku akicheka. Alikuwa akipiga deki, anamsikia Sista, muuguzi mkuu, akiwaambia akina mama, "Mpeni mtoto chakula cha kujenga mwili." Mama wa watu anaitikia ndiyo Sista, anambeba mtoto mgongoni, anarudi nyumbani na maneno matupu. Siku moja mama mkwe wangu akamwambia, "Sista, maneno hayaivi." Sista naye akamjibu, "Basi lete sufuria yako, shoga." Akaileta. Tangu hapo wakawa chanda na pete. Wakifiwa wanalia pamoja, wakichoka wanakunywa chai kikombe kimoja.

Nyuma ya zahanati palikuwa na kiwanja. Wanawake walilima pale maharagwe mafupi yenye madoa, yanayowahi kukomaa na kuiva kwa kuni chache. Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu, aliyachagua mwenyewe msimu kwa msimu. Shina lililozaa sana alilifunga uzi mwekundu, na ole wako ulichume. Mtoto akipona, mama yake alipewa bakuli la mbegu akapande kwake, na akivuna alirudisha bakuli limejaa. Hakuna aliyeandikwa popote. Nilipoolewa nilimuuliza, "Na asiyerudisha je, Mama?"

"Atapita wapi, mwanangu? Sote tunachota maji bomba moja."

Mbegu walizichanganya na majivu, wakazitia kwenye madebe, wakazifungia katika chumba kidogo cha zahanati. Nyumbani kuna panya, na kuna njaa, na njaa ina meno kuliko panya. Ufunguo aliushika Sista.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kama kifaranga. Kikombe kile ndicho kilichomsimamisha. Nami nilirudisha bakuli langu, nikalishindilia mpaka likamwagika, nikaona fahari kama niliyelipa mahari.

Kisha ukaja mradi. Wageni walifika na gari refu, wakakaa kikao na Sista mlango umefungwa. Sista alitoka uso unang'aa, akamshika Mama mkono.

"Shoga, umepumzika. Chakula kinakuja kwa gari sasa. Pakiti, mtoto anafyonza mwenyewe, hakuna kuni, hakuna moshi. Na kile kiwanja watatujengea chumba cha kuzalia, na kitanda, na taa."

Mama alifurahi mpaka akapiga vigelegele. Chumba cha kuzalia! Wanawake walikuwa wakijifungulia kwenye benchi. Kiwanja akakitoa bila neno. Ila Sista alipoongeza kwamba siku ya uzinduzi madebe yote yatolewe yapikwe, wageni na watu wote wale, Mama aliacha kucheka.

"Yale ni mbegu, shoga."

"Mbegu za nini tena? Na chumba kile pakiti zinaingia, hawataki wadudu."

"Nibakize debe moja."

"Bi Kikombe jamani! Mradi huu umekuja kukaa. Utabaki na debe la kufanyia tambiko?"

Watu waliokuwepo wakaangua kicheko, na Mama akacheka nao. Akamwamini. Angefanyaje? Mtu aliyelia naye msibani.

Tukaosha majivu usiku wa kuamkia uzinduzi na asubuhi yake. Maji yalikuwa ya kijivu, kisha meupe, kisha madoa yakatokea yanameta. Mwanamke mmoja mchekeshaji akasema, "Leo tunakula shamba, kesho tutakula jembe." Mama alikoroga sufuria bila kuitazama. Wageni walionja kijiko kimojakimoja, wakapiga picha, wakasema ni tamu. Zilizobaki tukazila sisi. Na ni Mama, kwa sauti yake mwenyewe, aliyepanda kwenye kiti akawatangazia wenzake kwamba hakuna haja ya kupanda tena ile mbegu, chakula kimepata gari. Sista ndiye aliyemwomba aseme, maana walimsikiliza yeye zaidi.

Pakiti zilikuja kweli, na zilifanya kazi, sitasema uongo. Chumba nacho kikajengwa. Nilijifungulia humo mwanangu wa pili, taa inawaka juu yangu, Sista ananiambia sukuma mama, sukuma, na Mama amenishika kichwa.

Mtoto huyo alikuwa bado hajakaa vizuri siku dereva wa mradi alipoleta katoni chache, akazishusha mwenyewe huku anapiga mluzi. Mama alikuwa akifagia ngazi, mimi nimekuja kupima mtoto.

"Leo mbona gari jepesi?" Mama akamtania. "Au umeuza njiani?"

"Ningeuza ningekuwa na kitambi, mama yangu. Hizi ndizo za mwisho. Mtanikumbuka eh?"

"Za mwisho wiki hii?"

"Za mwisho kabisa. Si mradi ulikuwa wa mwaka mmoja?" Akamwona uso ulivyobadilika, akapunguza sauti. "Mlikuwa hamjui? Mbona Sista alikuwepo kikaoni, mimi mwenyewe ndiye niliyempa soda."

Mama aliegemeza ufagio ukutani, taratibu, kama unaweza kuvunjika. Akaingia chumba cha kupimia. Nikamfuata na mtoto mgongoni.

"Shoga, nimeongea na dereva."

Sista hakuuliza dereva kasema nini.

"Kaa kwanza," akasema.

"Nimekaa mwaka mzima. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mbegu? Zilikuwa zinamla nani?"

Sista aliviringisha ule utepe kidoleni, akaukunjua, akauviringisha tena. "Walitaka kuona pakiti peke yake inamfanya nini mtoto. Pasiwe na uji pembeni. Wangeikuta sufuria wangekwenda zahanati nyingine, na chumba wangekwenda nacho. Mimi nakujua. Ungebaki na debe moja ungepika. Hata ungekatazwa ungepika."

"Kwa hiyo ukanipikisha mbegu zangu."

"Wanawake wangapi wamenifia kwenye benchi ile? Damu yao si ulikuwa unaifuta wewe? Na huyo mjukuu wako, alizaliwa wapi? Sema, shoga. Alizaliwa wapi?"

Mama aligeuka akamtazama mwanangu, muda mrefu, mpaka mtoto akamchekea. Nilitamani ardhi inifiche na mtoto wangu, kama vile sisi ndio tuliomsaliti.

"Kiwanja nilikupa," Mama akasema. "Sufuria ungeniambia nifiche, ningeificha. Madebe ningeyaweka chini ya kitanda changu, nikawadanganya wageni mchana kweupe, kwa ajili ya chumba hicho. Uliniamini nifute damu. Hukuniamini nifunge mdomo."

Mama akatoka, akauchukua ufagio, akamalizia ngazi zilizobaki.

Siku zilizofuata alizunguka nyumba kwa nyumba kuulizia ile mbegu ya madoa. Nilikwenda naye, na nilichosikia huko kiliniuma kuliko cha zahanati.

"Tuliila yote, Bi Kikombe. Si wewe ulisema?"

"Nilipanda mahindi tu. Nilifuata neno lako."

Mmoja, ambaye mtoto wake alinyweshwa uji kwa mkono wa Mama, alijibu bila kufungua mlango vizuri. "Mlikula na mradi wenu, sasa mradi umewatema mnarudi kwetu?" Akacheka ionekane ni utani. Mama naye akacheka, akaaga vizuri, akauliza hali ya watoto.

Njiani nilimwambia, "Mama, kwa nini hukumwambia kwamba ni Sista?"

"Nikimwambia, kesho mtu akishikwa na uchungu ataogopa kwenda kwake."

Tulipofika nyumbani alifunga mlango wa jikoni, na mimi nikakaa nje nikimnyonyesha mtoto, nikasikia akipenga kamasi.

Ile mbegu hatukuipata. Alinunua maharagwe ya sokoni, mchanganyiko, mengine makongwe. Nusu yalioza ardhini. Yaliyoota hayakuwa na haraka, na kuiva kwake yanakula mzigo wa kuni. Ameyapanda kuzunguka nyumba yetu, mpaka chini ya dirisha ninapolala, na sufuria sasa iko uani kwetu. Uji ni mwepesi kuliko ule wa zamani. Zahanati anafagia kimya, anamwamkia Sista kama anavyomwamkia mganga mkuu, "Habari za kazi," na Sista anajibu, "Nzuri," na anasimama kidogo kama mtu anayengoja neno jingine.

Majuzi, jua limepanda, Sista alikuja mwenyewe. Alikuwa amembeba mtoto mkononi, na mama wa mtoto, msichana mdogo kuliko mimi, anakuja nyuma yake ameshika viatu.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi, shoga. Nimekuletea mgonjwa. Utepe ni mwekundu, na kwangu sina cha kumpa."

Mama alifuta mikono, akaja mpaka kwenye kizingiti. Hakumtazama Sista, alimtazama mtoto: nywele zilivyofifia, miguu ilivyoning'inia.

"Mume wangu," akamwambia mtoto, "nani kakukondesha hivi?" Kisha, bila kubadilisha sauti: "Mtoto mpe mkwe wangu. Mama yake apite ndani. Wewe, Sista, subiri hapo nje."

Nilimpokea mtoto. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Sista alirudi hatua, akasimama jua kali na gauni lake jeupe, na wapita njia wakawa wanamsalimia kama kawaida, "Sista, hujambo, Sista," naye anawaitikia wote. Nilimkabidhi Mama mtoto, akakaa naye jikoni, akaanza kupuliza uji. Nikaona vibaya Sista kusimama juani. Nikachukua kigoda nimpelekee mtu mzima akalie.

Mama akaninyanyulia macho juu ya kikombe.

Nikakirudisha kigoda mahali pake.