Mafuta kwenye Ini la Mama

Nafundisha biolojia katika shule moja ya upili upande wa Mundika, na kila mwaka nikifika kwenye somo la seli na mafuta, sauti hunibadilika. Wanafunzi hudhani nina mafua. Ninawaeleza kwamba seli huweka mafuta katika vitone vidogo, kisha huyatoa na kuyachoma ili ipate nguvu. Inapozeeka, kazi hiyo huilemea. Vitone hujazana, na mafuta yakizidi nayo huiharakisha kuzeeka. Seli iliyochoka namna hiyo haigawanyiki wala haifi. Hukaa tu, ikiwamwagia majirani zake uchafu unaowazeesha na wao. Nikifika hapo hugeukia ubao nikaandika chochote, maana ini la mama yangu liliisha hivyo.

Mama aliuza chakula Malaba, kwenye kibanda kando ya barabara ambako malori hungoja kuvuka kwenda Uganda. Alikuwa mnene, na unene ndio uliokuwa tangazo lake: dereva akimwona alijua hapo watu hushiba. Nilipokuwa shule ya msingi alipika pamoja na mdogo wake, mama yangu mdogo, hadi huyo mdogo wake alipoanza kukonda. Kulikuwa na ukimwi, ambao wenzetu wa Uganda waliuita silimu kwa jinsi ulivyomkausha mtu, na hapa mpakani aliyekonda hakuulizwa anaumwa nini. Madereva walihamia kibanda cha pili. Wakipita mbele yetu waliangalia barabara kana kwamba hawajawahi kula kwetu. Mama mdogo alifariki bila kupimwa, na hadi leo hatujui kilichomuua. Mama alimlilia, na alipomaliza kumlilia akaanza kula kwa bidii.

Miaka michache iliyopita akawa anachoka ovyo. Daktari alimwambia ini limejaa mafuta na limeanza kupata makovu, lakini akipunguza mwili linaweza kupata nafuu. Nilitoka pale nikiwa na furaha ya kijinga. Niliona huu ni ugonjwa ambao dawa yake ni kuacha chapati.

Nilimweleza kwa mfano wa nyumbani. Nilimwambia ini lake ni kama barabara yetu siku ambayo karatasi za forodha zimekwama: malori yanazidi kuja, hakuna linalovuka, na mwishowe hata baiskeli haina pa kupita. Alinisikiliza huku akigeuza samaki kwenye karai.

"Hiyo foleni ndio imekusomesha," alisema. "Na mimi nikikonda hapa Malaba, nani atakula kwangu?"

Nilimwambia mambo hayo yamepitwa na wakati, siku hizi dawa zipo na watu wanaishi. Akanicheka. Darasani ningempa sifuri, ila barabarani alikuwa akisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Hata hivyo alijaribu. Msimu mmoja wa mvua alikula mboga za kunde na ugali kidogo, akatembea kila asubuhi, na magauni yakaanza kumpwaya. Daktari alifurahi. Mimi nilianza kumwona akilini akizeeka, akiwa bibi wa wanangu hadi waoe. Halafu dereva mmoja, mteja wake wa miaka mingi, mtu mwema kabisa, akamuuliza mbele ya watu, "Mama, umeisha hivi, uko sawa kweli?" Siku hiyo hiyo alikaanga matumbo, akala peke yake hadi yakaisha. Hakujaribu tena. Nilimkasirikia yule dereva, nikamkasirikia mama, na hasira hiyo bado ninayo.

Ini lilipochoka kabisa, tumbo likajaa maji. Mikono na mapaja vilikwisha, lakini chini ya gauni pana watu waliona tumbo tu, wakampongeza kwamba mwili umerudi. Aliwashukuru. Mimi nilikaa kando, nikijua wanapongeza kifo.

Alipofariki tulimvalisha mimi na dada yake mkubwa. Hospitalini walikuwa wameyatoa maji yale, na bila hayo hakubaki na kitu. Mabega yalikuwa mifupa mitupu ndani ya gauni la kanisani. Nje watu walikuwa wamejipanga kumuaga, madereva wakiwamo. Dada yake alifunga mlango.

"Asionekane hivi," aliniambia. "Unajua watasema nini."

Husemwa mficha maradhi kilio humfichua. Mimi, mwalimu wa biolojia, nilikunja leso mbili nikazipenyeza kwenye mikono ya gauni, nikazisawazisha hadi mabega yakajaa. Kisha tukafungua mlango, na kila aliyepita alisema mama amelala na mwili wake. Niliwaitikia wote.