Emil Hruska Ndani ya Bakuli la Maji

Mume wangu Lowell ana miaka sitini na ushee na bado anacheza na kadi. Nasema hivyo kwa upendo, lakini nasema. Ni kadi za besiboli, zenye picha ya mchezaji mbele na habari zake nyuma. Jioni mimi naosha vyombo, yeye yuko mezani na kompyuta, anabadilishana na watu asiowajua wa majimbo asiyowahi kukanyaga. Hanunui, hauzi. Anatoa kadi mpya zinazong'aa, anapewa moja iliyochakaa ya zamani, na hiyo nayo anaitoa apate ya zamani zaidi.

"Leo nimefika mwaka elfu moja mia tisa sabini na moja," ananiambia, utadhani kapiga simu kutoka safarini.

Baada ya muda akawa mwaka wa hamsini na nane, kisha arobaini na tisa. Kila bahasha ikija, suruali za wachezaji zilikuwa pana zaidi na mbingu nyuma yao imefifia zaidi. Kuna siku nilimwita mara tatu aje kula, nikamkuta ameshika kadi dirishani, yuko mbali kabisa, mahindi ya jirani yanayumba nje na yeye hayaoni. Nilitaka kumfokea nikashindwa.

Maana nilijua anamfuata nani huko nyuma. Babu yake mzaa mama, Emil Hruska, alirusha mpira ligi kubwa kiangazi kimoja tu, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha bega likamsaliti akarudi hapa Iowa kulima. Kiangazi hicho kilitosha kampuni ya chingamu, zile zilizokuwa zikitia kadi kwenye pakiti, kumtolea yake. Emil alikufa wakati binti yake, mama wa Lowell, bado ni mdogo, na picha za nyumbani zikaenda na mafuriko. Ikabaki kadi moja, akarithi Lowell, akaiweka kwenye boksi la viatu pamoja na zake nyingine. Alipokwenda jeshini, mama yake akasafisha chumba. Mnajua akina mama wetu walivyoyafanyia maboksi ya viatu.

Mama huyo, Ardith, anaishi nasi. Macho yake yanakufa kuanzia katikati. Akikukabili anaona masikio yako, nywele, mabega, lakini pale penye uso pana doa, na doa linapanuka. Asubuhi moja, mkate wa jemu ya plamu mkononi, alisema, "Baba yangu namkumbuka koti. Namkumbuka tumbaku. Sura imenitoka kabisa. Na ile kadi niliitupa kwa mkono wangu huu."

Jioni ileile Lowell alifungua kompyuta.

Ndipo akatokea Garth wa Omaha. Garth alikuwa na Emil Hruska, ila kwenye kitabu cha mtoto fulani wa zamani aliyependa habari kuliko picha, akazigundisha kadi zake zote kifudifudi. Mgongo ulisomeka vizuri. Sura ilikuwa chini ya gundi, na Garth hakuwahi kuthubutu kuiloweka. Alitaka ile ya arobaini na tisa, kadi bora kuliko zote za Lowell.

"Na wewe unatuma kwanza, ndugu," aliandika. "Kwenye kubadilishana, mwenye jina dogo ndiye anayeanza."

"Jina dogo!" nikasema. "Mwambie kwamba mume wangu ametengeneza matrekta ya nusu ya wilaya hii."

"Ndiyo utaratibu, Nadine."

"Utaratibu wa kuibiwa huo."

Alituma. Siku zikapita, nikawa nalichungulia sanduku la posta kuliko yeye. Bahasha ilipofika, ndani mlikuwa na kipande cha ukurasa wa kitabu katikati ya kadibodi mbili, utepe wa gundi wa bluu, na ncha ya utepe imekunjwa ili mtu aubandue bila kisu. Wenye adabu zao ndivyo wanavyofunga. Nikamsamehe Garth yote. Kulikuwa na kikaratasi pia: Usivute. Iache ijiachie yenyewe.

Jumapili baada ya kanisa, Lowell akamimina maji kwenye bakuli langu la unga. Mama Ardith akaketi karibu, amevaa gauni lake la kanisani. Redioni mechi ilikuwa ikienda polepole, mtangazaji anaongea kama mtu anayesinzia. Kadi ikazama, mgongo juu. Maji yakageuka rangi ya chai. Jua likahama kutoka sinki likaja mezani, na sote watatu tukawa tunatazama bakuli, nikahisi kuna mtu wa nne anaoga humo ndani na si adabu kupiga kelele.

Kona moja ikainuka. Halafu ya pili.

"Vipi, katoka?" Mama akauliza.

"Bado, Mama. Pembeni kumeachia. Katikati ndiyo ngumu."

"Mimi si kijana, Lowell."

Aliposema vile niliona mkono wa mume wangu ukiingia majini. Nilitaka kusema subiri, nikachelewa. Alivuta kidogo tu.

Yule mtoto wa zamani alikuwa ametia tone kubwa la gundi katikati. Kofia ilitoka nzima, mabega yalitoka, glavu ilitoka. Kuanzia nyusi hadi kidevu palikuwa peupe, na uso wa Emil Hruska ulibaki kwenye ukurasa, nyuzinyuzi zinazoelea zikamomonyoka nikiziangalia. Mungu wangu, nililia kabla hata ya Lowell.

"Mbona kimya?" Mama akasema.

"Mama, nimeiharibu," Lowell akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Uso umebaki kwenye karatasi. Nilivuta. Niliambiwa nisivute."

"Nipe."

Aliipokea ikiwa bado inadondosha maji. Akageuza kichwa pembeni, kama anavyofanya siku hizi akitaka kuona kitu, akaelekeza uso kwenye friji huku kadi ameishika palepale mbele yake.

"Masikio hayo!" akapiga kelele. "Ona masikio! Mama yangu alikuwa akimtania kwamba upepo ukivuma tutampoteza. Na bega la kulia limeshuka. Lilikuwa linashuka hivihivi akinibeba. Ndiye! Ni Baba!"

"Mama, hana uso."

"Na wewe huna, mwanangu, tangu mwaka juzi. Nimewahi kukufananisha na mtu mwingine?"

Lowell akakaa chini na mikono yake ikichuruzika maji, akalia bila kujificha. Mimi nikazima redio.

"Sogeza taa," Mama akasema. "Na nyamazeni kidogo, nipo na baba yangu."

Nikaisogeza, nikammiminia na kahawa. Akageukia friji tena, akamtazama baba yake mpaka kahawa ikapoa.