Somo la Hiari la Lusweti

Siku hizi asubuhi ya Sella huanza kwa mlio wa cherehani yake mwenyewe, basi. Nyuma ya pazia la maua linalokigawa chumba chake cha Kianda, Kibera, hakuna anayekohoa tena. Pazia lenyewe hajaliondoa. Hulifua Jumamosi na kulirudisha palepale, ingawa upande wa pili hakuna cha kuficha ila kitanda kilichotandikwa na madoa ya gundi ya unga ukutani.

Kukohoa huko hakukuwa kukohoa. Lusweti, mwanawe wa pekee, alikuwa akijizoesha herufi za Kiarabu. Ipo moja inayotoka chini kabisa kooni, mahali ambapo watu wengine hawapakumbuki mpaka wakwamwe na mwiba wa samaki. Aliirudia kila siku kabla ya kunawa uso, polepole, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli asiyoijua. Kabla Sella hajajua hayo, alimchemshia tangawizi juma zima na kuikamulia limau, na kijana akainywa yote kimya kwa kuwa aliipenda tangawizi.

"Kwani hicho kifua hakiponi?" Sella aliuliza mwishowe.

"Si kifua, mathe. Ni masomo."

"Masomo gani ya kukoroma?"

Ndipo alipomweleza. Katika chuo alikosomea stima, kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alitakiwa achague somo moja la hiari, nje ya kozi yake. Wenzake karibu wote walichukua biashara, kwa sababu ilikuwa rahisi na ilipendeza kwenye cheti. Yeye alichukua Kiarabu.

"Wewe ni mtu wa kufunga nyaya. Kiarabu itakusaidia na nini?"

"Hainisaidii."

"Unataka kwenda Saudia?"

"Zii."

"Kuna msichana?"

Lusweti alicheka mpaka akaegemea mlango. "Mathe, napenda tu. Hizo herufi zinashikana mikono. Nikiona moja, nataka kujua inashika nani."

Sella aliirudia sketi aliyokuwa akishona. Tangu mumewe aanguke kutoka ghorofa la mjengo na kurudishwa Bungoma ndani ya sanduku, kila kilichoingia chumbani mwao kiliingia kwa sababu yake. Cherehani ya kushonea sare za shule ilikuwa ya chakula. Kozi ya stima ilikuwa ya kesho. Hata kanisa lilikuwa na kazi yake, maana ndilo litakalomzika. Kupenda tu lilikuwa jambo la watu wengine, wale anaowaona wakikimbia kandokando ya barabara alfajiri ilhali hawajachelewa popote.

Aliyeelewa mara moja ni mwenye ploti waliyopanga. Mama Hayat alikuwa Mnubi, na babu yake ndiye aliyesimamisha nyumba ya kwanza mahali pale, wakati Kibera ingali msitu. Yeye mwenyewe aliishi mlango wa pili kutoka kwa Sella. Siku moja alikuwa akipita na ndoo akasikia ile sauti, akasimama.

"Nani anachinjwa humu?"

"Ni mimi, Mama Hayat. Nasoma."

"Soma tena nisikie." Kijana akasoma. Mama Hayat akaiweka ndoo chini. "Apana. Wewe unaipigia kelele. Iminye. Hivi."

Akaitoa. Lusweti akaiga. Wakakaa hapo mlangoni wakibishana kwa makoo kama mbuzi wawili, watoto wa ploti wakikusanyika kuwacheka.

"Kumbe wewe unaijua?" Sella aliuliza.

"Nitajulia wapi? Mimi ni ya kusali tu. Kinubi chetu kina Kiarabu ndani, lakini hii ya kijana wako ni ya suti na tai. Nani anakufundisha?"

"Madam Kaluki."

"Kaluki? Mkamba?"

"Mkamba, na anaimba kwaya. Alifanya kazi za nyumba Saudia miaka mingi, akarudi akaisomea."

"Basi dunia imeisha," alisema Mama Hayat, akabeba ndoo yake na kwenda zake akitikisika mabega.

Kama palikuwa na wakati mzuri, ulikuwa huo. Lusweti alipasua mifuko ya unga iliyokwisha, akaigeuza ndani nje, na kwenye ule upande wa karatasi tupu akaandika maneno kwa kalamu nene. Aliyabandika ukutani moja moja, wazi kabisa, mahali ambapo yeyote aliyesimama mlangoni angeyaona. Jioni moja aliandika neno moja peke yake, kubwa, akalibandika juu ya cherehani. Mbele lilikuwa na meno madogo kama ya msumeno, chini nukta mbili, na mwisho fimbo mbili zilizopishana.

"Hilo ni jina lako."

"Sella?"

"Anza huku, mkono wa kulia. Se-lla."

Aliliangalia kwa jicho la mshonaji. Liliandikwa kurudi nyuma, kama mshono wa kukazia mwisho wa pindo. Hakusema ni zuri, lakini kwa siku kadhaa, kila alipoinua kichwa kutoka kwenye sketi ya mtoto wa mtu, aliliangalia.

Mildred ndiye aliyelileta neno jingine. Yeye na Sella waliimba pamoja kanisani, na siku hiyo alikuja kuchukua sare ya mtoto wake. Alisimama katikati ya chumba akazunguka kama mtu aliyeingia choo asichokijua.

"Mama Lusweti. Mmeingia dini gani?"

"Ni masomo ya kijana. Hiyo hapo ni jina langu."

"Nani amekuambia ni jina lako?"

"Yeye."

"Ehe. Na wewe umejuaje?" Mildred akapunguza sauti. "Yule kijana wa Soweto West aliyepotea, nayo ilianza hivihivi. Masomo, masomo. Mara ndevu. Mara Jumapili hayuko kanisani. Mara amepata kazi Mombasa, kumbe ameenda kushikishwa bunduki, na mpaka leo mamake anapigia simu iliyozimwa. Sikwambii ufanye kitu. Nakuambia tu uangalie."

Sella aliangalia. Mtu akishaanza kuangalia hivyo, hakuna kinachokosa kuonekana. Lusweti alikuwa na ndevu, kama vijana wote wa rika lake. Jumapili mbili hakwenda kanisani kwa sababu ya mtihani, au alisema ni mtihani. Akipigiwa simu alitoka nje kuongea. Usiku Sella alilala akilisikiliza pazia, akimwona mwanawe amelala kifudifudi kwenye mchanga wa nchi asiyoijua, bila wa kumfunika. Alikuwa ameshazika mmoja. Hakutaka kingine duniani ila huyu aliyebaki abaki.

Mama Hayat, kwa herufi zake za kusali, angeweza kumsomea lile neno kwa muda wa kufunga kifungo. Mara mbili Sella alifika hadi mlangoni pake, mara mbili akarudi. Akimwuliza halafu iwe ni kweli? Na kama ni haohao kina Mama Hayat wanaomvuta? Aliona aibu kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Mtoto asiye na baba hutafutiwa mwanamume wa kumkalisha chini. Ndivyo wafanyavyo kwao Bungoma na ndivyo wafanyavyo Kianda, na wa Kianda alikuwa Mzee Nashon, mwenyekiti wa nyumba kumi, anayejua nani amehamia ploti gani na nani amepigana na nani. Sella alilibandua lile neno juu ya cherehani taratibu lisiraruke, akalikunja, akaenda nalo.

"Sitaki maneno mengi, mzee. Nataka tu umwongeleshe kama baba."

Mzee Nashon aliigeuza ile karatasi juu chini. "Inasema nini?"

"Ananiambia ni jina langu."

"Ananiambia, ananiambia," Mzee Nashon alirudia, akaguna. "Niachie. Nitamwita."

Hakumwita. Baadaye aliapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kujua maana yake, kwa hiyo aliipiga picha na kuituma kwa mkubwa mmoja wa serikali, na huyo mkubwa akaituma mbele, na huko mbele hakuna aliyemwuliza yeye chochote tena.

Walimchukua Lusweti mchana mweupe, kwenye steji ya matatu ya Olympic, akitoka chuoni na begi mgongoni. Mwanamke wa mboga aliona yote: watu wa nguo za raia na gari lisilo na namba. Kijana hakupigana. Alisema tu, "Jameni, mimi nasoma stima," wakamwinamisha kichwa, wakaingia naye.

Zikafuata siku ambazo Sella hawezi kuzipanga ipi ilitangulia. Kila ofisi aliyoingia walimwambia hawana mtu wa jina hilo. Wengine walimwambia vijana hutoroka, mama, utamwona. Katika ofisi zote alisindikizwa na Mama Hayat, aliyejua kugonga meza. Walipokuwa wameketi kwenye benchi la mojawapo ndipo Sella alipomwambia habari ya karatasi.

Mama Hayat alimgeukia. "Mimi niko mlango wa pili, Mama Lusweti. Ungegonga."

"Niliogopa."

"Mimi? Uliniogopa mimi?"

Sella hakujibu, na hapo Mama Hayat akawa amejibiwa. Aliendelea kumsindikiza kila siku, na akaendelea kugonga meza, lakini tangu hapo hakukaa tena mlangoni pa Sella.

Madam Kaluki naye alikuja Kianda, mwanamke mfupi wa viatu vya raba, akiwa na barua ya chuo ya kuthibitisha kwamba Lusweti ni mwanafunzi wake. Alipokuwa akisubiri chai alisoma ukuta. "Hii ni uzi. Hii sindano. Hii mkate. Hii mlango." Aliyasoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita watoto. "Darasa lote lilikuwa linaniuliza kama itakuja kwenye mtihani. Huyu hakuwahi kuniuliza." Kisha akaona pale juu ya cherehani, penye madoa ya gundi. "Hapa palikuwa na nini?"

"Jina langu," alisema Sella.

Walimrudisha kama walivyomchukua, bila neno. Walimtupa alfajiri kando ya barabara, nje ya mji, na mwenye boda boda akamleta kwa huruma. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda upande ambao vidole havipindi. Sella alimchemshia maji, akamwosha mgongo kama alivyomwosha alipokuwa mdogo, na hakuuliza kitu, kwa kuwa mgongo ulikuwa unasema.

Lusweti aliongea baada ya kunywa chai. Aliongea bila hasira, kama anayeeleza njia ya kwenda mahali.

"Walinionyesha picha ya ile karatasi. Wakaniuliza ni nini. Nikasema ni jina la mamangu. Wakacheka sana. Mmoja akaniambia, basi huyo mamako ndiye ametuletea."

Kwa bahati mbaya chungu kilikuwa kinafurika, na Sella akainuka kukiepua. Alipogeuka tena kijana alikuwa ameshalala, au amefumba macho.

Alikaa hapo mpaka alipoweza kufunga kamba za viatu mwenyewe. Alikula kila alichopakuliwa na kusema asante. Hakubandua karatasi zilizobaki, wala hakuziangalia. Sella ndiye aliyezibandua, mchana mmoja alipokuwa ametoka, akazitia kwenye jiko, na aliporudi hakuna aliyezitaja. Chuoni hakwenda tena, si kwa Kiarabu wala kwa stima. Kwa vidole vile asingeshika bisibisi. Muhula uliofuata somo la Madam Kaluki halikupata wanafunzi wa kutosha, likaondolewa. Halafu Lusweti akafunga begi, akasema amepata kibarua Kawangware, na kwamba kule ni karibu na kazi.

Sella alimtafuta. Alimpata sokoni, nyuma ya lori la viazi, gunia begani, amekonda shingo.

"Sasa, mathe," alisema, na kumgeuzia sikio zima.

"Oya Lusweti!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka juu ya lori. "Umeletewa mathe! Leo hatulali njaa!"

"Wacha ufala," Lusweti alimjibu, akatabasamu kwa ajili ya wenzake. Alimtafutia mamake kreti akae, akaipangusa kwanza kwa kiganja. Heshima hiyo ilimchoma Sella kuliko tusi. Ni heshima wanayopewa wageni.

Alikuwa amejipangia maneno tangu Kianda. Yalimwishia njiani yote isipokuwa moja.

"Mwanangu, nisamehe."

Lori lilikuwa limezimwa injini. Hakuna kelele iliyoingilia. Lusweti alilitua gunia, akajifuta uso kwa fulana.

"Nimesikia, mathe," alisema.

Sella alingoja. Kijana akainama, akalishika gunia jingine kwa vidole vyake vitatu vizima na kiwiko, akalipandisha begani.

"Rudi nyumbani."

"Nitakuja."

Alimnunulia soda, akamsindikiza mpaka mwisho wa soko, akamuaga kwa mkono wa kushoto.

Lusweti anaishi mtaa wa Kongo, Kawangware, na anashusha viazi sokoni kila siku isipokuwa Jumapili. Sella analijua soko. Chumba anacholala hajawahi kuonyeshwa.