Kumrejesha Seif kutoka Maskati

Mwaka 1968 mfanyabiashara mmoja aliyetoka Maskati alipita nyumbani kwetu Mombasa, akanywa chai, kisha akamwambia mama kwamba mdogo wangu Seif, askari wa kawaida katika jeshi la huko, amefungwa kambini. Kosa hakulijua. Mama hakulia. Alinigeukia mimi, mwalimu wa Kiingereza niliyekuwa likizoni, akasema, "Nenda ukanirejeshee mwanangu." Tulipohama Unguja alishapoteza mume na nyumba, na mtoto hakuwa tayari kumpoteza.

Niseme mapema kwamba Seif ni mtundu. Madrasani aliwahi kumfungia mwalimu kuku ndani ya kabati la misahafu, na jeshini alikuwa ameshaadhibiwa kwa kumwigiza sajini wake mbele ya gwaride. Alijiandikisha kwa sababu Nassor, jirani yetu wa Unguja, alijiandikisha, na Seif hawezi kuachwa nyuma. Wote wawili walipelekwa kusini, kwenye vita vya milima ya Dhofar.

Bombay nilibadili meli. Sitaisimulia bahari, maana sehemu kubwa ya njia nilikuwa nimelala chali, naapa kwamba nikimpata Seif nitamzaba kibao kabla ya salamu.

Maskati tulishushwa kwa mashua. Milima mitupu, myeusi, imeubana mji mpaka mgeni anajiuliza upepo unapita wapi. Mzee Khalfan, rafiki wa marehemu baba, alinichukua hadi kwake Matrah, na kabla sijafungua kinywa ikaletwa halwa na kahawa. Nikanywa, nikarudisha kikombe, kikajazwa. Nikanywa tena, kikajazwa tena. Roho iko kwa Seif, tumbo limejaa kahawa. Mwishowe mkewe, Bi Zuwena, alinionea huruma, akanionyesha kwamba aliyetosheka hukitikisa kikombe anapokirudisha. Alicheka mpaka akajifuta macho na mtandio.

Ndipo Mzee Khalfan akanieleza.

"Mdogo wako kaishika simu ya upepo ya jeshi kutwa nzima, yeye na Nassor, wakisema Kiswahili. Wakubwa wanadhani walikuwa wakitoa siri kwa adui. Hii si kesi ya mchezo, mwanangu. Ikithibiti, mama yenu hatamwona tena."

Kofi nililomwekea Seif likanitoka mkononi palepale.

Asubuhi yake tulikwenda kambi ya Ruwi, jirani na Matrah, walikoletwa wote wawili kutoka Dhofar. Mzee Khalfan huwauzia mboga, kwa hiyo walinzi walitupitisha bila maneno mengi. Seif alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, anacheka. Aliuliza hali ya mama, halafu akauliza kama nimemletea achari. Ilibidi nimkaripie ndiyo aseme kilichotokea.

Nassor alikuwa amepigwa risasi ya paja, yuko peke yake juu ya kilima cha pili, na simu yake ya upepo. Hakuna aliyeweza kuvuka bonde kumfuata mpaka jua lizame. Damu inamtoka, sauti inazidi kulegea, na Seif aliogopa kwamba akilala hataamka. Basi akaanza kumpikia pilau ya mama kwa maneno. Akakaanga vitunguu polepole, akatwanga thomu na tangawizi, akamuuliza kila hatua kinafuata nini. Mkubwa wake alimwamuru aache, hakuacha.

"Alipokaribia kunyamaza kabisa," Seif alisema, "nikatia manjano."

Mimi mwenyewe, mtoto wa mama yule, nilipandwa na hasira kabla sijaelewa.

Ofisa wao Mwingereza hakutaka maneno ya Seif. Alinichukua mpaka hospitali ya kambi nimtafsirie maneno ya Nassor, Mzee Khalfan akiwa pembeni kuhakikisha siongezi chumvi. Siku ile Nassor alipopigwa risasi, ofisa alikuwa amesikia simuni neno moja likirudiwa na kurudiwa kwa ukali, na hilo ndilo aliloliuliza: Manjano ni mtu au ni mahali?

Nassor alijiinua kitandani, mguu umefungwa bandeji hadi nyongani.

"Mwambie ni bizari. Tena mwambie pilau haitiwi manjano. Nnamwambia Seif tangu siku ile, hataki kukubali. Nilimtukana mpaka giza likaingia. Ningelala saa ngapi?"

Machozi yalikuwa yakimtoka. Nilitafsiri yote, isipokuwa matusi. Ofisa alimtazama Mzee Khalfan, naye akatikisa kichwa kukubali, kwa uso wa mtu aliyetukaniwa chakula chake.

Seif alifunguliwa siku hiyohiyo. Nikamwomba ofisa anipe Seif nirudi naye kwa mama. Akakataa. Mkataba wake haujaisha, alisema, na askari wakorofi anao tele, lakini wa kuongea kutwa bila kuchoka anaye mmoja.

Ufukweni Seif alinikumbatia, akanisihi nimfikishie mama salamu na nisimwambie ya manjano.

Mombasa nilifika peke yangu, na mama aliliona hilo tangu mlangoni. Nilimsimulia yote, manjano nayo. Nilimwambia kwamba miaka yote nilidhani utundu wa Seif ni ugonjwa unaotaka dawa, na sasa najua ndio uliomrudisha Nassor hai, na kwamba nampenda mdogo wangu kuliko nilivyowahi kumwambia.

Ijumaa mama alipika pilau. Ilipofunuliwa ilikuwa ya manjano. Tulikula yote.